Mwanamume wa Kwenye Jalada

Mama yangu hajui kusoma. Wengine wangefungua kurasa za riwaya yangu. Kwake yeye jalada ndilo lingekuwa kitabu chenyewe. Ndiyo maana nilimsumbua sana msanii wa watu.

Msanii huyo ni mwenyeji wa Mbamba Bay, ana duka dogo la steshenari hapa Mbinga mjini, anatengeneza kadi za harusi na mabango. Mara ya kwanza aliniletea mwanamke mwembamba mwenye mtungi kichwani, nyuma yake jua linazama ziwani. Nikamuuliza mtungi wa nini, wakati sisi tunachota maji kwa ndoo za plastiki, na ziwa la nini, wakati riwaya nzima iko milimani.

"Mwalimu, ziwa linauza," akacheka.

Nikamwambia akalitumie kuuzia dagaa.

Riwaya inamhusu mjane anayelima ngoro peke yake. Ngoro ni mashimo yetu ya kwenye miteremko: mwanamume anafyeka nyasi na kuzipanga chini kwa miraba, kisha mwanamke anakuja na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo. Ni kazi ya watu wawili. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mama akazifanya kazi zote mbili, msimu baada ya msimu, mpaka sisi watoto tukasoma. Nguvu zile ndizo nilizotaka zionekane. Nikamwagiza msanii achore mteremko, miraba ya nyasi, na mwanamke mwenye jembe. Basi.

Picha mpya ilipokuwa tayari nikamwomba tukutane kwa mama, kijijini Mapera, aone na shamba lenyewe. Akamwamkia mama, akakaa, akatoa karatasi. Mteremko ulikuwa mzuri, nusura nimsifu. Halafu nikamwona mwanamume, hatua chache mbele ya mwanamke, ameinama anapanga nyasi.

"Huyu ametoka wapi?"

"Lakini mwalimu, si wanaume ndio wanaopanga nyasi? Niliuliza watu. Nikaona bila yeye watu wa huku watanicheka."

"Riwaya nzima huyo mtu amekufa! Hivi umeisoma kweli?"

"Nimesoma mwanzo," akasema kwa sauti ndogo.

Nilipandwa na hasira, nikamwambia amfute leo leo. Mama alikuwa pembeni anachambua maharage. Akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Nipeni na mimi nione."

Akaisogeza karatasi mlangoni penye mwanga, akaitazama muda mrefu. Katika wasomaji wote huyo ndiye niliyemwogopa.

"Huyu ni mimi," akasema, kidole juu ya mwanamke. Kidole kikapanda taratibu. "Na huyu ni baba yako."

"Amekosea, mama. Atamtoa."

"Amtoe kwa nini?"

"Ulilima peke yako. Nataka watu wajue."

"Mimi sikutaka kulima peke yangu," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mwacheni. Walau kwenye kitabu anisaidie."

Kurasa zote zile nilimsifu mama kwa nguvu zake, na hakuna hata ukurasa mmoja ambamo niliandika kwamba alimkumbuka mumewe. Machozi yalinitoka palepale mbele ya mgeni, wala sikuyaficha. Msanii akajifanya anatazama shamba.

Tukakubaliana mwanamume abaki. Kuhusu riwaya yenyewe, nilijua nikirudi mjini nina sura za kuandika upya. Msanii alipoanza kuikunja karatasi, mama akamshika mkono.

"Ila mvike sweta, mwanangu," akamwambia. "Kule juu asubuhi kuna baridi, na yeye kifua kilikuwa kinamsumbua."