Tageti ya Mia Nne

Acha nijicheke mwenyewe kabla hamjaanza, maana hii aibu hata nikiifukia itafukuliwa, na kuna kanisa moja kule Bungoma, upande wa Kibabii, ambako mpaka leo nikiingia kwaya yote inakohoa kwa pamoja. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Narudia, wa hisabati. Nafundisha shule ya upili pale Kitale, nina vyeti, nina kalamu nyekundu, na wanafunzi wakisikia viatu vyangu kwenye veranda wananyamaza. Na ni mimi huyuhuyu niliyesimama mbele ya waumini nikaombewa nipate alama ambazo hazipo duniani.

Mwaka jana nilishikwa na hamu ya kwenda ng'ambo kusomea uzamili wa takwimu. Sasa, ili wakukubali, vyuo vya huko vinataka ufanye mtihani fulani wa kuingilia, unafanywa kwa kompyuta, na alama zake ni za ajabu kidogo: ukikosa kila kitu bado unapewa mia mbili na sitini (mtihani wenye huruma, nilijiambia), na ukipata kila kitu unaishia mia tatu na arobaini. Hapo ndipo mwisho, hakuna mlango wa nyuma wala ngazi ya kwenda juu zaidi.

Mbali na mtihani nilihitaji barua ya mtu wa chuo kikuu, atakayesema kwamba akili yangu ya nambari ni timamu, na mtu huyo alikuwa mmoja tu, Daktari Wafula, mhadhiri aliyenifundisha nikisomea shahada ya kwanza. Ni mtu mpole, haongei sana, lakini anachukia nambari za kubahatisha kama vile wengine wanavyochukia nyoka. Nilipompigia simu aliniambia nikae chini nijiwekee lengo la alama, kisha nije nimweleze nimelipata vipi. "Usiniletee nambari ya ndoto," akasema. "Niletee nambari yenye sababu, ndiyo niandike barua." Kwa hivyo mnaona, bila tageti ya maana hakuna barua, na bila barua hakuna ng'ambo, nibaki Kitale nikisahihisha vipeo na vipeuo mpaka nistaafu.

Nikafanya kazi safi, kusema kweli. Nikachungulia kozi ninazozitaka, nikaona wanafunzi wanaokubaliwa huwa na alama kama mia tatu na kumi na tano hivi. Nikajipima kwa mtihani wa mazoezi nikapata mia tatu na moja (nikanywa maji, nikatembea kidogo uani, nikarudi). Nikaangalia ni wapi nilipoteza, nikaona ni maneno ya Kiingereza wala si hesabu, nikakadiria nikisoma vizuri nitapanda kiasi gani, nikaweka tageti: mia tatu na ishirini. Nambari yenye sababu, nambari yenye adabu zake. Nikamwambia Daktari Wafula nitaenda kumwona wiki mbili zijazo.

Kosa langu lilikuwa kwenda Bungoma kwanza.

Bungoma ndiko anakoishi Senge, dada ya marehemu baba yangu, aliyenilea tangu nikiwa kidato cha kwanza. Senge ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na akijua jambo saa hii, mtaa wa pili unalijua kabla chai haijapoa. Aliponiona tu akachinja kuku, na tulipoketi mezani akanipa firigisi, heshima ambayo kwetu hapewi mtu ovyo, hasa mwanamke. Kisha akaniuliza huo mtihani wa wazungu nataka kupata ngapi, nami nikajibu kwa kifua mbele, mia tatu na ishirini.

Senge akaacha kumega ugali. Lazima mwelewe kwamba kwa watu wa rika la Senge mtihani ni mmoja tu, ule wa darasa la nane wa enzi zetu, uliokuwa na alama mia tano, na katika ule mtihani mia tatu na ishirini ilikuwa alama ya mtoto wa kununuliwa soda na kuambiwa asijali, hata ushonaji ni kazi. Binamu yangu Barasa alipata mia tatu tisini na moja, na leo anauza vifuniko vya simu karibu na soko.

"Mia tatu na ishirini?" Senge akasema pole pole. "Na wewe ni mwarimu? Ata Barasa arikushinda, bana."

Ningemjibu kwa sentensi moja tu. Senge, huu mtihani unaishia mia tatu na arobaini. Basi! Lakini firigisi ilikuwa ngumu kidogo, nilikuwa bado natafuna, na Senge alikuwa ameshaanza kuhuzunika. Akaniambia niweke mia nne, kwamba arama mia nne ndiyo ya mtu amesoma. Nikawaza, sasa huyu atakutana wapi na wenye mtihani? Nikameza nikasema, "Sawa Senge, mia nne." Akatabasamu, akaniongeza mchuzi, tukaendelea kula kwa amani.

Ile amani haikufika mbali. Jumapili hiyo Senge akawatangazia akina mama wenzake. Nikiwa nimerudi Kitale, naibu wa mwalimu mkuu, ambaye kwao ni Bungoma, akanisalimia "Niaje, Mia Nne," na kufikia Ijumaa hata mpishi wa shule alikuwa ananiita hivyo huku akinipakulia maharagwe. Halafu Senge akanipigia simu. Ati kanisa lina siku ya maombi ya watahiniwa, na ameshaandikisha jina langu. Nikamwambia Senge, hiyo ni ya watoto wa gredi ya tisa na kidato cha nne, wanaokuja na kalamu zao ziombewe. Akasema mtahiniwa ni mtahiniwa, na akakata simu.

Nikaenda (mngefanyaje?). Nikakalishwa benchi la mbele katikati ya watoto waliovaa sare, magoti yangu yakikaribia kidevu, na msichana aliyekuwa kando yangu akanitazama kwa huruma akaniuliza, "Madam, kwani ulirudia sana?" Senge alikuwa ameninunulia kalamu mpya na seti ya jometri, kwa mtihani ambao huruhusiwi kuingia hata na kalamu, nami nikaiinua juu pamoja na wenzangu ikaombewa, bikari, protrakta na vyote. Kisha akina mama wawili wakaingia wakicheza, wamebeba kadi ya kunitakia heri yenye ukubwa wa mlango, na katikati yake kwa rangi nyekundu imeandikwa 400.

Hapo ndipo nilipotazama kule mbele alikoketi mgeni wa heshima kando ya mchungaji. Alikuwa Daktari Wafula. Binti yake alikuwa gredi ya tisa. Akaniona, akanipungia mkono, akaitazama ile kadi, kisha akavua miwani akaifuta.

Mchungaji akaanza kusoma majina na kile kila mmoja anachoombea. Huyu anataka A, yule anataka kujiunga na shule fulani, na mimi naomba ardhi ipasuke. "Mwalimu Nekesa, mtihani wa ng'ambo, mia nne!" Vigelegele vikapigwa mpaka mabati yakatetemeka. Daktari Wafula akaomba maiki, akauliza kwa upole wake ule, "Mwalimu, hiyo mia nne ni kati ya ngapi?"

"Mia tano!" Senge akajibu kutoka upande wa akina mama, na kanisa likampigia makofi.

Daktari Wafula hakumtazama Senge. Alikuwa ananitazama mimi. Yeye alijua jibu, na alijua kwamba ninalijua. Nikisema mia tano, barua nimeikosa. Nikisema ukweli, Senge aliyetangaza hii nambari kila mahali atachekwa hadi sokoni. Maiki ikaletwa mkononi mwangu. Nikamwona Senge na kitambaa chake cha bluu, ametabasamu meno yote nje, na niliona aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa, kwa sababu yeye hakuwa amekosa lolote, uongo ulikuwa wangu.

Nikasema, "Kati ya mia tatu na arobaini."

Ungeweza kuwasikia watoto wa kidato cha nne wakipiga hesabu. Kisha yule msichana wa kando yangu, kwa sauti kamili, akasema, "Si hiyo imepita?"

Hapo nikashikwa na woga, na mimi nikishikwa na woga hufundisha. Nikasema Senge hana makosa, mimi ndiye sikumweleza, tageti yangu ni mia tatu na ishirini, na nikaanza kueleza kwa nini. Nikaeleza wastani wa wanaokubaliwa. Nikaeleza mtihani wa mazoezi na ile mia tatu na moja yangu (ambayo sikuwa nimemwambia hata mama mwenye nyumba). Nikaeleza maneno ya Kiingereza yanayonishinda, nikayataja mengine, nikageukia ile kadi kubwa nikaanza kuchora mchoro wa alama kwa nyuma kwa kalamu yangu iliyoombewa. Mzee mmoja alikuwa anaandika mambo haya pembeni ya Biblia yake. Mchungaji akanipokonya maiki kwa upendo.

"Kanisa," akasema, "huyu dada yuko na sitini za juu ambazo hazina pa kukaa. Tuziombee ama tuziache?"

"Tuziombee!" likajibu kanisa, na wakaziombea, mikono juu, watu wakilia kwa kicheko, na Daktari Wafula akiwa ameinama kabisa, kitambaa machoni, mabega yanaruka.

Baada ya ibada alinikuta nje, bado anajifuta machozi. Akasema nisijisumbue kwenda kumwona, nimeshamweleza tageti yangu, na sababu zimemtosha. "Barua nitaandika," akasema. "Ila sitasema nimeyasikia wapi."

Mtihani nikaufanya, nikapata mia tatu ishirini na mbili. Nilicheka peke yangu mbele ya kompyuta mpaka msimamizi akaja kunitazama. Mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa Senge, nikamwambia nambari na mwisho wake hapo hapo, bila kupumua katikati. Akasema sawa, ni vizuri, lakini zile zingine tulizoziombea nimemwachia nani?

Siku hizi Senge hapokei nambari yoyote kabla hujamwambia inaishia wapi. Juzi amenipigia akitoka kupimwa presha, ati ya juu ni mia na thelathini, na anataka nimwambie, kwa vile mimi ndiye mwalimu, hiyo ni kati ya ngapi na yeye aweke tageti gani. Nimemwambia amuulize muuguzi, mimi mambo ya tageti mbele ya watu nimeyaacha kabisa.