Kuni Zilizolala kwa Mama Mkwe

Felisita Ngeleja hapimi uongo kwa kumtazama mtu usoni. Hutazama majivu.

Alijifunza kupima katika ghala la ushirika, Bariadi, alikokuwa akisoma kipimo cha mvua kila asubuhi na kukagua unyevu wa pamba. Soko lilipofunguliwa wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao, ghala likafungwa, naye akarudi kwa mama yake Somanda akiwa na rula, daftari na tabia ya kutomwamini mtu anayejibu "kama kawaida."

Kazi nyingine ikamfuata huko huko. Kufikia mwaka 2006, Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, baadhi ya wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wakiwatumia wenye vinu fomu za hali ya hewa: unachoma kuni kiasi gani, dizeli lita ngapi, mvua ikikosekana utafanyaje, moshi utaupunguza vipi. Wengi walizifungia karanga. Felisita alizisoma, kisha akapita kinu kwa kinu kuwasaidia kuzijaza.

Mteja aliyemsumbua kuliko wote alikuwa shemeji yake. Marcelo Mayige, mume wa dada yake Kabula, alikuwa na kinu cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba nje kidogo ya mji. Karibu mafuta yote yalichukuliwa na mtengenezaji mmoja wa sabuni, na huyo alikuwa ameandika barua fupi: mkaguzi atafika Alhamisi, na fomu ikiwa na uongo mkataba umekwisha. Bila mkataba huo kinu kingezima.

Felisita alifika Jumamosi.

"Mwangaluka, shemeji. Kuni kwa wiki?"

"Mbili."

"Mbili nini? Vijiti?"

"Tela mbili za trekta. Andika, mayu, usinitolee macho."

Felisita alizunguka nyuma ya kinu. Uwanja wa kuni ulikuwa umefagiwa mpaka ukang'aa, na katikati yake kulikuwa na rundo dogo la kuni lililopangwa kwa adabu. Kando kulikuwa na kilima cha majivu kilichomfika kiunoni. Akakipima kwa rula, akaandika, akarudi.

"Majivu haya ya wiki ngapi?"

"Mbili."

"Basi unachoma tela tano kwa wiki, shemeji. Majivu hayana undugu na wewe."

Marcelo alicheka, lakini hakubadilisha jibu. Baba yake, kule Lalago, aliwaambia watoza kodi kwamba ana ng'ombe sitini, na sitini kweli walikuwa zizini. Wengine walilala kwa wajomba, kwa wakwe, kwa marafiki mpaka Bukundi. Aliyewatunza alikunywa maziwa na kufunga mdomo.

"Anayeuliza hesabu," alisema Marcelo, "anataka kuchukua."

"Huyu hachukui. Mwaka huu anauliza ulipo, mwakani anauliza umepunguza kiasi gani. Ukiandika mbili, mwakani utatakiwa uchome moja na nusu. Utachemsha mbegu kwa jua?"

"Andika mbili."

Felisita aliandika mbili, kwa penseli.

Alipofika nyumbani alikuta ukuta mpya. Kuni, tela tatu nzima, zilikuwa zimepangwa kuanzia jikoni mpaka kwenye banda la kuku. Mama yake, bibi Milembe, alikuwa amekaa mbele yake kama mwenye duka.

"Mkwe ameniletea," alisema Milembe. "Wewe unaishi hapa miaka yote, hujaniletea hata fito."

Felisita aliupima ukuta huo kwa rula, akaandika. Jumatatu alirudi kinuni akiwa mpole.

"Shemeji, nimekubali mbili. Ila mkaguzi atawauliza wafanyakazi, nao hawajui kudanganya kwa pamoja. Basi wiki hii choma mbili kweli, ili wawe na la kusema."

Marcelo aliona hilo ni la busara. Jumatano saa sita mchana moto ulizima, mbegu zikiwa nusu mbichi ndani ya pipa. Wakamuaji walikaa kivulini na kumtazama.

Ndugu wengine aliowapa kuni walikuwa mbali. Karibu palikuwa Somanda tu, na hapo ndipo alipokosea hesabu. Ng'ombe waliolala ukweni watoto wa nyumba waliwatoa asubuhi. Kuni zilitaka aingie mwenyewe mpaka kwenye jiko la mama mkwe, na mwanamume wa Kisukuma anayejiheshimu hafiki hapo, seuze kudai kitu. Marcelo alisimama barabarani na baiskeli yake, akatazama pembeni, akakohoa.

Felisita alitoka.

"Shemeji! Umekuja kutusalimia?"

"Wabeja, mayu, asante. Nimekuja... zile kuni."

"Kuni zipi? Wewe unazo tela mbili tu. Mimi mwenyewe nimeandika."

"Felisita, mbegu zinaoza!"

"Sasa tela ngapi kwa wiki?"

Waendesha baiskeli wawili walipunguza mwendo. Marcelo aliinamisha kofia.

"Tano," alisema.

"Sijasikia."

"Tano!"

Felisita akafuta mbili, akaandika tano kwa wino, na Marcelo akatia sahihi juu ya kibebeo cha baiskeli. Kutoka jikoni sauti ya Milembe ikapita ukutani:

"Mwambie mkwe, nilizopikia maharage sirudishi! Mtunzaji ana maziwa yake!"

Kwa hiyo safu ya maelezo ya fomu ile ina mstari ambao mkaguzi aliusoma mara mbili siku ya pili yake, kabla ya kulinganisha tela tano na majivu na kugonga muhuri: "Nusu tela iliyotumika nje ya kinu haikuhesabiwa. Imepika maharage."

Mwaka uliofuata Marcelo alijenga tanuri la matofali, akashuka mpaka tela tatu na nusu, na mkataba ukaendelea. Nakala ya fomu ile aliibandika ukutani ofisini, na mgeni yeyote huonyeshwa. Mgeni akiuliza ana ng'ombe wangapi, Marcelo hujibu bila kufikiri.

"Wachache."