Jumapili Nayo Inahesabiwa

Enzi za Mwingereza, pale Kilosa, hakuna aliyemfikia Kornelio kwa majivuno. Alikuwa tarishi wa mahakama ya liwali. Kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi ikakakamaa, beji ya shaba ikang'aa kifuani, na baiskeli ya serikali hata mkewe hakuruhusiwa kugusa kengele yake. Tumsamehe, alikuwa na sababu. Ujana wake wote uliishia kwenye mashamba ya mkonge kule Rudewa, na siku alipopata kazi bomani aliapa mbele ya padri kwamba hatagusa tena jani la mkonge maisha yake yote.

Basi ikatoka kanuni mpya. Zamani aliyeshindwa kesi aliweza kukata rufaa hata baada ya mavuno, ilimradi liwali ameamka vizuri. Sasa wakubwa walitaka ikatwe ndani ya siku thelathini tangu hukumu kusomwa. Zikipita, mlango umefungwa. Na mawakili hawakuruhusiwa kwenye mahakama zile, kwa hiyo mtu hakuwa na wa kumkumbusha. Kornelio akatumwa kutangaza. Akazunguka kambi zote za manamba, vibarua wa mkonge, akipaza sauti: siku thelathini! Watu wakaitikia kwamba wameelewa.

Wameelewa wapi! Kwenye mkonge, siku ni ile uliyomaliza kazi, mnyapara akakutilia alama kwenye kipande chako, kadi yako ya kazi. Jumapili si siku. Ukiugua si siku, mvua ikikufungia kambini si siku. Kipande cha siku thelathini kilichukua hata wiki sita kujaa, na hakuna aliyeona ajabu. Waliotunga kanuni hawakuwahi kushika kipande, wangejuaje? Kornelio alikishika miaka mingi, lakini kaki ilikuwa imemsahaulisha.

Asubuhi moja alikuwa akipita Rudewa kupeleka samansi, akamwona Lupakisyo, kijana wa Tukuyu, akikata mkonge kandokando ya njia. Kornelio alikuwepo hukumu ya kijana huyo iliposomwa: shamba la bondeni, alilolifyeka Sesilia, mke wa Lupakisyo, kwa mikono yake na lililowalisha watoto wao, liwali amempa jirani yao Anselmi.

"Shikamoo, mzee Kornelio."

"Marahaba. Vipi rufaa, umeshapeleka?"

"Kipande kikijaa tu nakuja, mzee. Bado siku nane."

Kornelio akashuka kwenye baiskeli. "Siku nane za nani? Leo ndiyo mwisho! Karani akifunga ofisi jioni hii, shamba limekwenda!"

Lupakisyo akatazama mistari ya mkonge mbele yake. "Nikiondoka kazi haijaisha, mnyapara ananifukuza kambini. Tutalala wapi na watoto?"

Kornelio alisimama pale akikumbuka sauti yake mwenyewe ikitangaza siku thelathini. Kisha akaegesha baiskeli ya serikali, akavua kofia.

"Nipe hicho kisu. Panda baiskeli, nenda. Ukiiangusha nitakufunga mimi mwenyewe!"

Mzee akaingia kwenye mkonge na kaki yake. Miiba ikamchana mapaja, utomvu ukamwasha mpaka machozi yakamtoka, magoti yakalia. Mnyapara alipopita alicheka akashika mbavu. "Loo! Leo serikali inakata mkonge!"

"Hesabu mizigo, bwana, watu waache," Kornelio akamjibu bila kuinua kichwa.

Alifunga mzigo wa mwisho jua likizama. Lupakisyo akarudi akiikokota baiskeli kwa adabu, na rufaa ilikuwa imepokelewa. Baadaye bomani walimrudishia Sesilia shamba lake. Kaptula ile haikutakata tena, na liwali alimfokea tarishi wake mbele za watu. Wiki iliyofuata Kornelio alikuwa kambini tena, akipaza sauti: "Jumapili inahesabiwa! Siku ya homa inahesabiwa! Mvua ikinyesha umelala, inahesabiwa!" Watu wakamcheka, wakambandika jina, Mzee Inahesabiwa, na tangu hapo sikusikia mtu wa kambi zile aliyefungiwa mlango. Mimi nampenda mzee huyu, sifichi.

Alipofariki walimzika Jumapili, na manamba walijaa makaburini kwa kuwa hawakuwa na kazi. Sesilia alikuja na kikapu cha mahindi ya bondeni kwa ajili ya wafiwa. Lupakisyo alitupa udongo wake, akainama.

"Mzee," akasema, "na hii ya leo inahesabiwa."