Kiti cha gemu kilichomtoa jirani nyumbani

Leo jirani yangu amepakia nguo za watoto akitaka kukimbia, kumbe ni mimi nilikuwa nacheza gemu.

Mnajua nimekuwa nikijenga kile kiti cha gemu ya magari. Jana nilinunua ile spika isiyoimba, inayotetemesha tu, ndio usikie injini mgongoni. Dukani kulikuwa na ndogo na kubwa. Tamaa ikachagua kubwa.

Nikaifunga kwa skrubu kwenye fremu ya mbao. Fremu yenyewe imekaa juu ya sakafu ya simiti, hakuna kitu katikati.

Leo mchana nikawasha. Sijamaliza raundi mbili, mlango ukagongwa.

Ni Mama Brian wa chini, yule aliyehamia hapa Nakuru kutoka Elburgon baada ya nyumba yao kuchomwa na watu waliokuja na malori. Mtoto mgongoni, begi mkononi.

"Boss, umesikia malori? Yanatokea upande gani?"

Nikamwonyesha kiti, nikakanyaga mafuta kidogo. Sakafu ikanguruma.

"Kumbe ni hii," akasema, akaketi kwenye ngazi. Begi hakuliachilia.

Nimeihamisha spika chini ya kiti chenyewe, nikakata vipande vya tairi kuukuu nikaweka chini ya fremu. Kisha nikamwomba ashuke kwake asikilize.

"Nasikia kidogo," akaniita kutoka chini. "Lakini sasa najua ni wewe."

Tangu hapo nazunguka tu nyumbani. Usukani sijaugusa.

Ungekuwa wewe, ungecheza?