Mshindi wa Mchujo Aliyebaki Kitengela

Kwa muda fulani kazi yangu ilikuwa kuandika matangazo ya poka, mchezo wa karata ambao siku hizi watu huucheza kwenye simu, kila mmoja akiwa kwake. Tovuti iliyoniajiri ilikuwa ya watu wa ng'ambo wenye ofisi ndogo Nairobi. Mimi nilifanyia kazi sebuleni kwangu Kitengela, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Nilipewa hasa michujo, yaani mashindano madogo ya kiingilio kidogo ambayo mshindi wake hapewi pesa. Anapewa kiti kwenye mashindano makubwa yanayochezwa ana kwa ana, hotelini, nchi za watu.

Michujo ilikuwa haina wachezaji. Meneja, Mkenya mwenzangu tuliyelingana umri, akaniuliza kwa nini. Nilimweleza kwamba maneno tuliyokuwa tukiyatumia yalitafsiriwa na mtu asiyejua poka wala Kiswahili. Saa iliyoandikwa ilikuwa ya huko kwao, na mtu wa hapa akifungua simu anakuta mchujo umeisha. Tena watu wanaona ni utapeli, maana hakuna anayemjua jirani aliyewahi kushinda. Nikamshauri tuandike saa zetu, tueleze kwa lugha ya mama mboga unachopata na usichopata, tuseme wazi ni nani anayeshughulikia viza na ikikataliwa itakuwaje. Mwisho nikamwambia tukipata mshindi wa kweli, tumwonyeshe.

Akachukua mawili tu, saa na mshindi. Yale ya viza alisema yatawatisha watu.

Mchujo ukahamishiwa Jumapili alasiri, saa ambayo watu wametoka kanisani na wamekula. Wachezaji wakaongezeka. Haikupita muda, mama mmoja wa hapa Kitengela akashinda. Nilimfahamu. Alikuwa na duka la dawa za mifugo karibu na stendi, na mimi nilikuwa nikimnunulia mbwa wangu dawa ya kupe pale. Mwenyeji wa Ukambani, mumewe karani katika ofisi moja mjini Kajiado, na yeye mwenyewe mwenyekiti wa kina mama kanisani kwao. Poka alijifunza chuoni, na hakuna aliyejua kwamba anacheza isipokuwa mumewe, ambaye aliona ni heri hivyo kuliko kuketi akisengenya watu.

Aliposhinda nilitumwa nikamhoji. Nilimkuta akimpimia mzee mmoja wa Kimaasai dawa ya minyoo ya mbuzi. Mzee alipotoka, akafunga mlango wa kioo, akaketi juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe na kucheka kimyakimya mpaka machozi yakamtoka. Hakuwahi kupanda ndege. Aliniambia kila mwaka yeye ndiye huchanga wengine wakienda mahali, na mara hii ni zamu yake. Aliniuliza kama baridi ya huko ni kama ya Limuru au ni zaidi.

Wiki hiyohiyo akaja mpiga picha kutoka Nairobi na begi kubwa. Ndani kulikuwa na shuka nyekundu na shanga za Kimaasai. Mama akamwambia kwa upole kwamba yeye ni Mkamba. Mpiga picha akasema anajua, lakini ofisi inataka watu wa ng'ambo wakiiona picha wajue ni Kenya. Nilipinga, nikampigia meneja simu palepale, naye akaniambia niache kuchelewesha kazi. Mama ndiye aliyenikata maneno.

“Wacha tu, ndugu yangu,” akasema. “Ni nguo. Niko na safari.”

Akavaa, akashika karata mbili, akatabasamu.

Picha haikukaa kwenye simu tu. Iliwekwa kwenye bango kubwa kando ya barabara ya Namanga, mahali ambapo kila anayetoka Kajiado lazima aione. Chini yake kulikuwa na maneno ambayo si yangu: “Yeye amefuzu. Wewe je?”

Wateja wake wa Kimaasai walicheka kwanza. Walimsalimia kwa Kimaa wakimwuliza ameolewa boma gani. Kicheko kikaisha alipokuja mama mmoja mtu mzima, akamwambia bila hasira kwamba shanga alizovaa ni za mwanamke aliye na mwana moran, yaani kijana shujaa wa Kimaasai, na kwamba si vizuri kuzishikia karata za kamari. Hakununua kitu siku hiyo, na hakurudi tena.

Kanisani hawakungoja. Wazee walimwita mbele yao, akawaeleza kwamba hakumwibia mtu na kwamba alichoshinda ni safari. Wakamwambia hawabishani naye kuhusu mchezo, ila bango liko njiani na kila mtu analiona, na vijana wanauliza kama mwenyekiti anaruhusiwa wao kwa nini wakatazwe. Akavuliwa uenyekiti. Mumewe huko Kajiado wenzake wakawa wanamwita mume wa bango. Alivumilia, akisema safari ikishafanyika maneno yataisha.

Safari haikufanyika. Ubalozi ulimnyima viza. Ulisema hakuonyesha sababu za kutosha za kumrudisha nyumbani. Mwanamke mwenye duka, mume na watoto wawili shuleni. Alinipigia simu kunieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyetuangusha.

Nilipanda mpaka ofisini Nairobi siku iliyofuata. Nilimwambia meneja wamfanyie rufaa, au wamwekee kiti cha mwaka ujao, au wamtafutie mashindano katika nchi isiyohitaji viza. Nikamwambia, kwa lugha ambayo nilijua ataielewa, kwamba hakuna tangazo litakalouza michujo kama watu wa Kitengela kumwona jirani yao ameketi kwenye ile meza, na hakuna litakaloiua kama kumwona bado anauza dawa ya minyoo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya wa sura wala wa sauti. Akanieleza kwamba kwa masharti, kiti hakihamishwi, hakibadilishwi na pesa, na mshindi akishindwa kusafiri ni juu yake.

“Na bango?” nikauliza.

“Bango limelipiwa.”

“Lakini haendi.”

“Bwana, yule mama ameshatufanyia kazi yake. Watu wameingia.”

Nilishuka ngazi, na mpaka leo nikiikumbuka sauti ile tulivu mdomo wangu unakuwa mchungu. Baadaye akanitumia ujumbe niandike tangazo la mchujo unaofuata, nitumie picha ileile. Nilimjibu kwamba sitaandika. Akaliandika mwenyewe, likatoka asubuhi, na mwezi ulipoisha mkataba wangu haukuendelea. Nikabaki kuandika maelezo ya ploti zinazouzwa Isinya, kazi ambayo nayo ina uongo wake.

Mama aliomba bango liondolewe. Akaambiwa alitia sahihi picha itumike. Akawa akienda dukani kwa njia ya nyuma, ile ya udongo mweusi unaonasa viatu mvua ikinyesha, ili asipite chini ya uso wake mwenyewe. Mkataba wa bango ulipokwisha likabandikwa tangazo la mabati, na hakuna aliyemrudishia uenyekiti, wala yule mteja wake hakurudi.

Nilipita dukani kwake mwaka huu. Nilitaka kumwambia kwamba niliacha, nikitumaini pengine litampunguzia kitu. Alinipa kiti, akaniulizia mbwa. Nilipomwambia nimeacha ile kazi, aliitikia tu kwa kichwa. Kisha akasema yeye bado anacheza. Nilishangaa, akaona.

“Zamani nilikuwa nacheza nikishatoka kanisa,” akasema. “Sahi nacheza saa ya kanisa. Nitaenda wapi?”

Nilimwuliza kama huwa anaingia kwenye michujo. Akasema hapana, anacheza zile za bure, na anashinda mara nyingi, na hasikii raha yoyote. Mumewe siku hizi Jumapili hubaki Kajiado. Aliyasema hayo huku akipanga chupa za dawa ya kuogeshea ng'ombe, akigeuza kila moja ili jina litazame mbele.

Aliingia kijana aliyeacha nje kwenye pikipiki ndama aliyefungwa kwa kamba, anayetokwa na povu mdomoni. Mama akainuka, akavaa glavu na kutoka kwenda kumtazama. Nilingoja kidogo, nikaona hatarudi upesi, nikaondoka.