Pini ya Mashine Mfukoni mwa Suti

Jambo hili sijawahi kulisimulia hadi mwisho, maana kila nikifika katikati masikio yananiwaka moto, lakini kwa umri wangu huu sina tena sababu ya kuficha: mimi ndiye niliyeiharibu mashine siku ya kuagwa kwangu mwenyewe.

Nilikuwa fundi mkuu wa kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti, barabara ya kwenda Dumila, na miaka yote niliyokaa pale sikumfundisha mtu. Mashine ikisumbua nawatoa watu wote nje, nafunga mlango, natengeneza peke yangu (nilidhani ndivyo mtu anavyojilinda asifukuzwe kazi). Msaidizi wangu Mwanahawa, binti wa Kiluguru kutoka Matombo, alijifunza kwa kusikiliza milio akiwa nje. Basi meneja akatangaza kwamba nikistaafu, Mwanahawa atashika nafasi yangu kwa majaribio. Iliniuma. Nilitaka niondoke watu wakilia kwamba bila mimi hakuna kazi.

Asubuhi ya sherehe, kabla wenzangu hawajafika, nikachomoa pini ya chuma inayoshikanisha gia na shafti, kitu cha saizi ya kidole gumba, nikaitia mfukoni mwa suruali ya suti. Mashine ikigoma wataniomba, nitaingia, nitairudisha, na huenda wakaniongezea hata mwaka mmoja.

Mchana wageni wamejaa, pilau imepakuliwa, mke wangu kakaa mbele na mtandio mpya, meneja akasema, "Mwanahawa, hebu washa, tumuage mzee kwa mlio aliouzoea." Mota ikanguruma, mashine haikuzunguka. Akajaribu tena. Wapi!

Meneja akabadilika uso. "Jana ilikuwa nzima, na wewe ndiye uliyefunga jioni. Umeifanya nini?"

"Sijaigusa, mama."

"Basi labda nilikosea kukuamini. Hiyo nafasi tutaizungumza upya."

Mwanahawa akanigeukia, machozi yanamlenga. "Mzee wangu, nisaidie kusema." Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikakohoa, nikatamka (Mungu anisamehe), "Mashine haitaki haraka, binti yangu. Wengine bado hamjakomaa."

Watu wakaanza kunibembeleza, "Fundi, tuokoe!" nami nikainuka kwa maringo, nikavua koti, jasho linanitiririka kwa uongo wangu, nikavuta leso mfukoni nijifute, na pini ikatoka nayo, ikaanguka sakafuni kwa kishindo na kuviringika mpaka miguuni pa meneja.

Dereva wetu, mtu asiyejua kunyamaza, akapaza sauti: "Jamani, ugonjwa umeonekana! Kumbe mzee katembea nao!"

Walicheka mpaka wengine wakapaliwa na pilau. Mke wangu hakucheka, alijifunika uso. Nami, mtu mzima mwenye wajukuu, nilikuwa tayari kudanganya tena, eti nimeiokota mlangoni, ila nikamwona Mwanahawa ananitazama bila hasira, kama anayemtazama mgonjwa, na ulimi ukakataa. Nikasema, "Nimeitoa mimi. Binti huyu hana kosa. Kazi anaiweza, nimejua siku nyingi."

Mwanahawa akaiokota pini, akairudisha mbele ya watu wote, mashine ikazunguka. Haikumchukua hata muda wa kumaliza soda. Siri yangu ya maisha yote!

Zawadi yangu walinipa hivyohivyo, blanketi zuri walilochangishana, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu ningeona heri wangenizomea.

Wiki iliyofuata nikaenda kumwomba radhi Mwanahawa, nikajitolea kumfundisha yaliyobaki. Akanitazama sana. "Nimekusamehe, mzee wangu. Njoo kila Alhamisi, utufundishe sote. Lakini funguo za kiwanda sikupi."

Ni haki yake. Huwa naenda, na siachi neno moyoni, naeleza mpaka wananiambia, "Mzee, inatosha, tumeelewa." Nikirudi nyumbani ndipo naona nilichokosa: miaka yote ile nilikuwa na kazi, sikuwa na wenzangu. Sitamficha mtu ujuzi tena, ingawa najua nimeapa nikiwa nimeshachelewa.