Wawili Aliowachagua

Mdogo wangu wa kike hatembei, na maneno yake hutoka polepole, lakini akili yake ni kali kuliko yangu. Alitaka kitu kimoja tu: kuuza michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga pale Bugarama, kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, ashinde na watu wakimtania naye akiwatania. Kukaa ndani miaka ishirini na sita kulikuwa kumemchosha.

Ofisa wa mradi wa watu wenye ulemavu alinipigia simu kabla ya kuja. Alisema mpango utakuwa wa mdogo wangu, atakayesema ni yeye, na achague mwenyewe wa kukaa naye siku hiyo. Akachagua wawili, mimi na jirani yetu muuza maandazi.

"Nikikwama, kaka, utanisemea," akaniambia. Nikamwambia hilo aniachie mimi.

Halafu nikafanya ujinga wangu. Mgeni anakuja na makaratasi, unampokeaje na watu wawili? Kwetu hilo ni kukosa adabu. Nikamwita baba mkubwa, nikamwita shangazi, nikawaita wazee wa ukoo, na kuku nikachinja. Jirani alipoona viti vimejaa akaaga.

Ofisa akamuuliza mdogo wangu, "Wewe mwenyewe unataka nini?" Akainamisha kichwa. Binti wa Kisukuma aliyelelewa kama sisi hasemi matakwa yake mbele ya baba mkubwa. Nalijua hilo tangu utotoni, na bado nilimwita.

Baba mkubwa akamjibia, tena kwa upendo kabisa. "Huyu apatiwe kiti mwendo na choo kizuri, atulie nyumbani. Huko kwenye makarasha ni vumbi na wahuni. Si ndiyo, ng'wanone, mwanangu?"

"Ndiyo, baba."

Ofisa aliandika, kisha akasita na kunigeukia. "Kaka mtu, una la kuongeza?"

Mdogo wangu akainua macho, akanitazama. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanne, na baba mkubwa alikuwa amekaa pale akinywa chai yake.

"Sina," nikasema.

Kiti kililetwa, na ni kizuri, siwezi kukisema vibaya. Mdogo wangu hutoka nacho jikoni mpaka mlangoni, basi. Mara mbili nimejaribu kumwambia nitakwenda kwa ofisa, karatasi ile ibadilishwe. Najichukia hata ninaposema hivyo. Hanibishii wala hanitanii tena. Ananisikiliza mpaka mwisho, anainamisha kichwa, na kuniitikia, "Ndiyo, kaka."